Kamba Hawa Si Kamba za Kufungia Mbuzi

 

Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike juu ya lile tangi la kioo lililo karibu na dirisha la maabara, maanake maswali yamezidi. Wako wanaosema ati tunafuga mbu. Wako wanaolalamika kwamba Chama cha Kiswahili kimeacha mashairi kikaingilia mambo ya Biolojia. Na wako wale wenye njaa ya saa nne, ambao swali lao ni moja tu: hao wanyama wataliwa lini? Leo nitajaribu kuwajibu wote, na nitaeleza hatua kwa hatua jinsi tangi la namna hiyo linavyotengenezwa, ili msomaji akipenda ajitengenezee lake kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa kwetu.

JINA LENYEWE

Tuanze na jina. Katika Kiswahili, kamba ya kwanza ni ile ya kufungia mbuzi na kuanikia nguo. Hiyo iko katika ngeli ya I-ZI: kamba hii imekatika, kamba hizi zimekatika. Kamba wa pili ni mnyama wa majini mwenye gamba, miguu kumi ya kutembelea na ndevu ndefu kama za mzee wa baraza. Huyo yuko katika ngeli ya A-WA: kamba huyu ameruka, kamba hawa wameruka. Ukikosea upatanisho wa kisarufi utakuwa umemgeuza mnyama kuwa uzi, na mwalimu wa Insha hatakusamehe.

Kwa watu wa pwani, wale kamba wadogo sana wanaokaushwa juani huitwa uduvi. Huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria tunaye ndugu yao wa maji matamu, ambaye Wajaluo humwita ochong'a. Wanasayansi wanamjua kama Caridina nilotica. Ni mdogo, wengi wao wana urefu wa sentimita 2 hivi, na mwili wake unapenyeza mwanga hata unaweza kuona chakula kikipita tumboni. Wavuvi wa omena humpata katika nyavu zao usiku, na akishakauka husagwa kuwa chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa. Ziwani kwenyewe, yeye hula mwani na mabaki yanayooza, naye huliwa na samaki, hasa mbuta wakiwa wangali wadogo. Kwa hiyo ni mfagiaji na ni chakula kwa wakati mmoja.

Sasa, kwa nini chama chetu? Katika mdahalo wetu wa mwaka jana, upande wa upinzani ulidai kwamba Kiswahili ni lugha ya hadithi na siasa, lakini ikifika maabarani hukwama. Baadhi yetu tuliona jibu zuri si kupiga kelele jukwaani bali kufanya kazi ya maabara tangu mwanzo hadi mwisho na kuieleza kwa Kiswahili. Msomaji ataamua mwenyewe kama tumekwama.

KWA NINI BILA STIMA

Ukiona matangi ya samaki katika hoteli za mjini, utakuta pampu ya hewa, chujio la umeme, taa na hata kifaa cha kupasha maji moto. Vitu hivyo ni vizuri kwa mwenye pesa. Shuleni mambo ni mengine. Stima hupotea bila kuaga, na shule ikifungwa swichi zote huzimwa. Tangi linalotegemea pampu likikosa stima usiku kucha, asubuhi unaweza kukuta msiba.

Tangi letu halina waya hata mmoja. Kazi ya pampu inafanywa na mimea, na kazi ya chujio inafanywa na viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Hao ndio wenye tangi, na kamba ni wageni wao tu. Mtu akielewa jambo hilo moja, mengine yote yatakuwa rahisi. Asipolielewa, atanunua kioo kizuri, atajaza maji safi, atatia kamba siku hiyo hiyo, na kabla ya wiki mbili kwisha atakuwa anazika.

WAFANYAKAZI WASIOONEKANA

Hebu nieleze. Kila mnyama wa majini hutoa uchafu. Uchafu huo, pamoja na mabaki ya chakula na majani yaliyokufa, hutoa amonia. Amonia mnaijua, ni ile harufu inayokukaribisha kwenye choo kisichomwagiwa maji. Kwa kamba ni sumu kali hata ikiwa kidogo sana.

Kwa bahati nzuri, kuna bakteria wanaoitumia amonia kama riziki yao. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na mimea huifyonza kama mbolea. Basi uchafu wa kamba unaishia kuwa jani, jani likizeeka linaoza, na kamba anakula kilichomea juu yake. Mzunguko umekamilika.

Hao bakteria hawaelei tu majini. Wengi hukaa wamejishikiza juu ya mchanga, mawe, majani na kuta za kioo, katika ule utelezi mwembamba unaouhisi ukipitisha kidole. Ndiyo sababu mtu mwenye bidii ya kupita kiasi katika usafi ni adui wa tangi. Ijumaa ya usafi mtu akija na sabuni na brashi, mwambie aende akasugue sufuria za jikoni.

Tatizo ni kwamba bakteria hawa huzaana polepole. Tangi jipya huchukua kiasi cha wiki nne hadi sita kabla hawajatosha. Wiki hizo hazina njia ya mkato. Subira yavuta heri, walinena wahenga, na hapa heri yenyewe ni uhai wa mnyama.

VIFAA

(a) Tangi. Letu lilitengenezwa na fundi wa vioo. Lina urefu wa sentimita 45, upana wa 30 na kimo cha 30. Fundi aambiwe atumie gundi ya silikoni ya kawaida, ile isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, kisha tangi liachwe wiki nzima likauke hadi harufu kama ya siki iishe. Asiye na uwezo wa kioo atumie sanduku la plastiki angavu au beseni pana jeupe. Upana ni muhimu kuliko kimo, kwa sababu hewa huingia majini kupitia uso wa maji. Chupa ndefu yenye shingo nyembamba haifai.

(b) Meza imara. Tupige hesabu kidogo. Ukijaza hadi sentimita 25, unapata 45 mara 30 mara 25, yaani sentimita 33,750 za ujazo, ambazo ni karibu lita 34. Ukitoa nafasi ya mchanga, maji yenyewe ni kama lita 30. Jumlisha maji, mchanga na kioo, uzito unapita kilo 40. Meza inayoyumba usiithubutu.

(c) Mchanga. Mchanga wa mto wa kiasi cha sentimita 3 unatosha. Uoshe kwa maji matupu hadi maji yanayotoka yawe safi. Usichukue mchanga wa kando ya shamba linalonyunyiziwa dawa, wala ule uliochanganyika na simiti.

(d) Mawe machache na kipande cha mti mkavu uliolowekwa, ili kamba wapate mahali pa kujificha.

(e) Kitambaa au wavu wa kufunikia, nao una habari yake ambayo nitaieleza baadaye.

Tangi liwekwe mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua la mchana lisipige moja kwa moja. Jua kali hupasha maji moto kupita kiasi na kuotesha mwani hadi kioo chote kiwe kijani. Joto la kati ya nyuzi 22 na 28 ni zuri kwa kamba hawa, na katika sehemu zetu hizi maji yaliyo ndani ya nyumba hukaa hapo bila msaada wowote.

MAJI

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili yatuue sisi magonjwa, lakini klorini hiyo hiyo huua bakteria tunaowataka na huwadhuru kamba. Yaweke kwenye ndoo wazi kwa siku moja au mbili, klorini itatoka yenyewe hewani.

Maji ya mvua ni mazuri lakini yana mambo mawili. Kwanza, yakipita kwenye mabati hubeba zinki, na zinki ni sumu kwa kamba, hasa mabati yakiwa mapya. Acha mvua ya kwanza ioshe paa kwanza, na kama paa ni jipya tafuta maji kwingine. Pili, maji ya mvua hayana chokaa ya kutosha, nayo kamba huihitaji kujengea gamba. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kupondwa, litasaidia. Sisi huchanganya nusu ya mvua na nusu ya mfereji.

Maji ya ziwani je? Hapo nawasihi mnisikilize vizuri. Kando ya ziwa kuna konokono wanaobeba kichocho. Kutoka kwa konokono hutoka viluwiluwi vidogo visivyoonekana ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyeingiza mkono au mguu majini. Nje ya konokono, viluwiluwi hivyo haviwezi kuishi zaidi ya kama siku mbili bila kumpata mtu, lakini konokono akiwa tangini ataendelea kutoa vingine. Kwa hiyo sisi hatutumii maji ya ziwa kujaza tangi. Hata mimea tukiileta tunaikagua jani kwa jani kutoa konokono na mayai yao, yale yanayofanana na makamasi. Kisha tunailoweka kwenye ndoo ya maji safi kwa siku kadhaa, tukiyabadilisha na kukagua tena, kabla ya kuitia tangini. Anayefanya kazi hiyo huvaa glavu. Na maji ya tangi hayavutwi kwa mdomo kwenye mpira, hata siku moja! Jaza mpira maji kwanza kwenye ndoo safi, ziba ncha zote mbili kwa vidole, kisha ushushe.

MIMEA

Mimea tunayoitegemea sana ni ile isiyo na mizizi. Ziwani kuna mmea mwororo wenye majani membamba kama mkia wa paka, unaoitwa na wanasayansi Ceratophyllum demersum. Hauhitaji udongo. Unaelea tu na kunyonya chakula chake moja kwa moja majini, ikiwemo amonia yenyewe. Ujaze nusu ya tangi tangu siku ya kwanza. Ukianza kurefuka na kutoa ncha mpya za kijani kibichi, jua kwamba kazi inaendelea.

Mchana mimea hutoa oksijeni. Usiku hupumua kama sisi na kuitumia oksijeni hiyo. Kwa hivyo saa mbaya zaidi ya tangi ni alfajiri, kabla jua halijatoka. Ukiingia maabarani mapema ukakuta kamba wote wamepanda juu karibu na uso wa maji, hewa imepungua. Tafuta kilichokufa na kuoza, kitoe, punguza mimea kama imejazana, na ubadilishe maji kidogo.

Mmea mmoja nauomba usiuguse, nao ni gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na tangu miaka ya 1990 hivi umekuwa ukiwasumbua wavuvi wetu wa upande wa Kenya. Ukiubeba hadi kwenye bwawa la kijiji chenu, utakuwa umewapelekea majirani shida ambayo serikali tatu zimeshindwa kuimaliza.

WIKI SITA ZA KUNGOJA

Tangi sasa lina mchanga, maji na mimea. Halina mnyama. Watu watapita wakicheka, "Mnafuga maji?" Waache wacheke.

Bakteria nao wanahitaji kula. Chukua omena mkavu, msage, utie unga kidogo sana, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiti cha kiberiti, kila baada ya siku mbili au tatu. Unga huo ukioza unatoa amonia, na bakteria wanaanza kuzaana. Kama unamfahamu mtu mwenye tangi lililokomaa, na ambalo halina konokono, mwombe konzi moja ya mchanga wake. Huo ndio hamira.

Katika wiki ya kwanza au ya pili maji huweza kuwa na ukungu mweupe kama maji ya mchele. Usiogope, wala usiyamwage yote. Yataangaza yenyewe. Baadaye utaona mwani kidogo wa kijani au wa kahawia kwenye kioo. Usiusugue, huo ndio malisho ya kamba watakapofika. Wiki ya sita ikifika, maji ni angavu, hayana harufu ila ile ya udongo baada ya mvua, na mimea inakua. Hapo tangi liko tayari.

KUWAPATA NA KUWAINGIZA

Kamba hupenda kukaa katikati ya majani ya majini karibu na ufuo. Usiende peke yako, na usiingie majini. Kiboko na mamba hawasomi jarida letu. Sisi tulikwenda na mwalimu, tukazungumza na viongozi wa ufuo, na mvuvi mmoja akatuvutia fungu la mimea ndani ya mtumbwi wake na kulikung'utia kwenye ndoo. Tulichagua kamba 10 tu. Lita 30 kwa kamba 10 ni mwanzo mzuri, maana kila mmoja anapata lita 3.

Wasimwagwe tangini ghafla. Maji ya ndoo na maji ya tangi hayalingani kwa joto wala kwa madini, na badiliko la ghafla huwaua. Tia kikombe kimoja cha maji ya tangi kwenye ndoo kila baada ya dakika kumi, kwa muda wa saa moja au zaidi. Kisha wachukue kwa kichujio kidogo na kuwaweka tangini. Maji ya ndoo yamwage kwenye nchi kavu.

Siku ya kwanza hutawaona. Watajificha. Siku ya pili au ya tatu watatoka wakitembea juu ya majani, mikono yao midogo ya mbele ikichota na kupeleka kinywani bila kupumzika, kama watu wanaokula githeri kengele ikikaribia kulia.

CHAKULA

Kosa linaloua kamba wengi ni huruma. Mtu anawaonea huruma anawatupia ugali, mkate, hata mandazi. Chakula kinaoza, amonia inapanda, bakteria wanalemewa. Kamba 10 katika tangi lililokomaa wanapata karibu riziki yao yote kwenye mwani na utelezi ulio juu ya majani.

Mara mbili kwa wiki tunawapa kipande cha jani la sukuma wiki au mchicha, ukubwa wa stempu, kilichochemshwa hadi kulainika. Lazima kitoke kwenye shamba lisilonyunyiziwa dawa. Kikibaki baada ya siku moja, tunakitoa. Zaidi ya hapo tunaweka jani moja kavu la mpera, lililoanguka lenyewe, likanyauka na kuoshwa. Wenzetu wa pwani wana jani bora zaidi, la mkungu, ambao mmezoea kukaa chini ya kivuli chake mkienda Mombasa. Wafugaji wa kamba ulimwenguni kote wanalithamini sana. Jani likioza polepole humea utelezi, na kamba huutafuna hadi libaki mifupa mitupu.

Kila wiki tunatoa lita 3 za maji na kurudisha lita 3 mpya zilizokaa kwenye ndoo. Basi. Hakuna kazi nyingine.

USILIE BURE

Siku moja utakuta kamba mweupe, mtupu, amelala kwenye mchanga hatikisiki. Kabla ya kutoa rambirambi, mtazame vizuri. Mara nyingi hilo ni gamba tu. Gamba la kamba halikui, kwa hivyo mwenyewe anapokua hulipasua mgongoni na kutoka akiwa na jipya, laini. Kwa siku moja au mbili hujificha hadi likaze. Gamba la zamani liache hapo hapo, wenyewe watalila na kupata chokaa yao.

Jike akiwa na mayai hayatagi mchangani. Huyabeba chini ya tumbo, kati ya miguu ya kuogelea, akiyapepea saa zote ili yapate hewa. Wakati ninapoandika makala haya, majike matatu katika tangi letu yana mayai. Kwa kioo cha kukuzia unaweza kuona nukta mbili nyeusi katika mayai yaliyokomaa. Hayo ni macho.

SUMU AMBAYO HUITEGEMEI

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Tangi mnaloliona si la kwanza. La kwanza lilikuwa na kamba 14, nalo lilikuwa limeshakomaa vizuri. Wiki ya mwisho ya muhula, mtu fulani alipita vyumbani akinyunyiza dawa ya mbu, na nia yake ilikuwa njema, kwa sababu mbu walikuwa wametuzidi nguvu. Asubuhi tulipofungua maabara, kamba wote 14 walikuwa wamelala ubavu, miili yao imepoteza uangavu na kuwa kama nyama iliyochemshwa. Mimea ilikuwa kijani vile vile, na maji yalikuwa angavu vile vile. Nilihesabu mara mbili nikitumaini kwamba baadhi ni magamba. Hakuna.

Sababu yake inaeleweka. Nchi yetu ilivuma kwa miaka mingi kwa kilimo cha pareto, lile ua jeupe ambalo dawa yake huua wadudu. Dawa nyingi za kupulizia za leo zina kemikali iliyotengenezwa kwa kuiga dawa hiyo ya pareto. Kwa binadamu madhara yake ni madogo. Lakini kamba na mdudu ni wa ukoo mmoja, wote ni wenye magamba na miguu yenye viungo, na mishipa yao ya fahamu hushambuliwa kwa njia moja. Kinachomwangusha mbu ukutani humwangusha kamba majini, hata kikiwa kidogo mno.

Kwa sababu hiyo hiyo usifunike tangi kwa chandarua cha kulalia. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya jamii hiyo. Halafu kuna shaba. Dawa za kuvu zinazonyunyiziwa kahawa na nyanya mara nyingi huwa na shaba ndani yake, nayo shaba huua kamba upesi. Mtu aliyetoka kunyunyiza shambani, au mwenye sabuni na mafuta mikononi, asitie mkono tangini kabla ya kunawa kwa maji mengi matupu.

Na wale wanaosema tunafuga mbu wana haki ya kuuliza. Maji yaliyotulia ni nyumba ya mbu, na huku kwetu malaria si mchezo. Ndiyo maana tangi limefunikwa kwa wavu wa plastiki wa madirishani, usiotiwa dawa, na umekazwa pande zote kwa mpira. Hewa inapita, mbu hapiti. Anayetaka kutengeneza tangi bila kulifunika, heri asitengeneze.

Tulilimwaga tangi lile kwenye shimo lililo mbali na mto na kisima. Kioo tukakiosha mara nyingi, tukatupa mchanga na mimea, tukaanza upya na wiki zetu sita. Mlangoni tukabandika karatasi: USINYUNYIZE DAWA HAPA. KUNA VIUMBE HAI. Tangu wakati huo tangi limepita likizo mbili. Kabla ya kufunga shule tunabadilisha maji, tunatia jani moja la mpera, tunajaza maji hadi karibu na ukingo kwa kuwa mengine hugeuka mvuke, kisha tunafunga mlango. Hakuna anayekuja kuwalisha. Tukirudi baada ya wiki tatu maji yamepungua kama vidole viwili, na kamba wako pale pale wakichota na kula.

USIWAHAMISHE

Jambo la mwisho. Ukichoka na tangi, usimwage wanyama wala mimea kwenye mto au bwawa lolote ambalo hawakutoka. Kamba wekundu wenye makoleo, wenyeji wa Louisiana, Marekani, waliingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, nao wakazaana hadi wakaharibu mimea ya majini ya ziwa lile. Mbuta mwenyewe aliletwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, na sote tunajua samaki wadogo wa kienyeji walivyopungua. Hakuna aliyeweza kuwarudisha walikotoka. Kama shule yako iko mbali na ziwa, tafuta kamba wa mto wa kwenu, ufuge hao. Wengine wape rafiki mwenye tangi.

Nikomee hapo, kwa maana mhariri ameshaanza kuangalia saa. Kuhusu wale wenye njaa ya saa nne, kamba 10 wa sentimita 2 hawajazi hata kijiko. Anayetaka kuanza tangi lake aje maabarani Jumatano baada ya masomo. Ncha za mimea iliyokwisha kukaguliwa tunagawa bure, pamoja na konzi ya mchanga wenye bakteria. Aje na ndoo safi isiyowahi kutiwa sabuni.

Wasalaam.